Siku tatu Mandvi: jinsi safari moja ya Kutch ilivyopangwa upya

Septemba 2024, jioni, jirani yangu hapa Tanga alibisha hodi akiwa na simu mkononi. Ni mzee wa miaka 71, mstaafu wa bandari, mtu asiyependa kusumbua watu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanipa ile simu.

"Hebu nisomee hii mwanangu. Mimi naona majina mengi, Mandvi yenyewe siioni."

Ilikuwa ratiba ya safari ya India aliyoandaliwa na binti yake, nesi anayefanya kazi Muscat, ambaye ndiye alikuwa analipa. Safari ya malazi kumi, kuanzia tarehe 8 Januari 2025, kwa watu watatu: baba, mama na binti. Mandvi, mji wa pwani wa Kutch katika jimbo la Gujarat, ilikuwamo, lakini ilibidi uitafute: saa nne za mchana mmoja, siku ya nane, katikati ya kutoka mahali na kwenda pengine.

Mimi nilisoma Vadodara, katika jimbo hilohilo la Gujarat, na tangu nirudi watu huniuliza mambo ya huko. Kisa hiki nakiandika kwa urefu, kwa ridhaa yao, kwa sababu kosa lililokuwa kwenye ratiba ile naliona kila mara, na kwa sababu na mimi nilikosea mahali pawili.

Kwanza, Mzee alikuwa anakwenda kutafuta nini? Baba yake alikuwa fundi wa majahazi. Utotoni Mzee aliyaona makotia yakitia nanga Tanga na Pangani, vyombo vikubwa vyenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya kuchongwa, vikileta mchele, nguo na vigae vyekundu vya Mangalore ambavyo bado viko juu ya nyumba nyingi za pwani. Baba yake alikuwa akimwambia kuwa mafundi wa kotia wako Kutch, kwenye mto unaoingia baharini, na kwamba wanapiga kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao za chombo, tofauti na sisi. Hakuwahi kwenda kuthibitisha. Mtoto wake ameibeba habari hiyo miaka sitini.

Huo ndio ulikuwa mzizi wa safari, na haukuwamo kwenye karatasi.

Ratiba ya binti ilikuwa hivi: Delhi, Agra, Jaipur, Udaipur, kisha kushuka Kutch kwa siku mbili, na kurudia Mumbai. Simlaumu. Ukiuliza mtu yeyote "India nione nini", hayo ndiyo majina utakayopewa, na kila moja lina haki yake. Lakini nilikaa naye kwenye simu usiku ule tukapiga hesabu ya barabara. Delhi hadi Agra, Agra hadi Jaipur, Jaipur hadi Udaipur, Udaipur hadi Ahmedabad, Ahmedabad hadi Bhuj: karibu kilomita 1,500, na mama yake ana goti lisilokunjika vizuri. Katika siku kumi na moja, tano zingekuwa za kukaa kwenye gari.

Halafu kuna kalenda. Tarehe 10 Januari, siku ya Agra, ilikuwa Ijumaa. Taj Mahal hufungwa Ijumaa kwa wageni, na msikiti wake hubaki wazi kwa waswalio tu. Na Januari ni mwezi wa ukungu kaskazini mwa India. Ukungu mzito wa alfajiri unaozuia ndege kuruka na kuchelewesha treni kwa saa nyingi. Ratiba iliyofungwa kamba namna ile, treni moja ikichelewa, kinachokatwa ni cha mwisho. Na cha mwisho kilikuwa Mandvi.

Binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa nimpeleke baba India asiione Taj Mahal? Watu watanisemaje?" Swali hilo lilikuwa zito kuliko la ukungu, na sikulijibu mimi. Nilimwambia amuulize baba yake. Alimuuliza. Mzee akasema: "Mwanangu, kaburi la watu nimeliona kwenye picha."

Tukafuta kaskazini yote.

Kutch peke yake si mahali padogo. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674. Mkoa mzima wa Tanga ungeingia ndani yake na nafasi ikabaki. Kaskazini kuna Rann, uwanda wa chumvi ambao mvua za Juni hadi Septemba huugeuza ziwa la maji ya kina kifupi, na kuanzia mwishoni mwa mwaka hukauka ukabaki mweupe hadi upeo wa macho. Kusini kuna bahari na Mandvi. Katikati kuna Bhuj, mji uliokuwa makao ya watawala wa Kutch, wenye uwanja wa ndege na stesheni ya reli. Bhuj hadi Mandvi ni kilomita 60 hivi, Bhuj hadi Rann nyeupe kule Dhordo 80 na ushei, Bhuj hadi Lakhpat magharibi kabisa zaidi ya 130. Kwa hiyo nilipendekeza tusihesabu tunaona mahali pangapi. Tuhesabu tunalala wapi. Kila ukihama kitanda, asubuhi moja imekwenda: kufunga mizigo, kulipa, kusubiri gari, kufika, kusubiri chumba.

Tukagawa hivi: Mumbai usiku mmoja wa kufikia, kwa sababu Mzee na mkewe wangetua na ndege ya Air Tanzania inayotoka Dar moja kwa moja, na binti angetokea Muscat. Kisha ndege ya asubuhi hadi Bhuj, saa moja na dakika kadhaa. Bhuj kulala tatu, Mandvi tatu, uwanda wa Banni, karibu na Rann, moja, Bhuj tena moja, Mumbai ya kuagia. Mandvi tatu ilimshangaza binti. "Huko kuna nini cha siku tatu?" Nikamwambia kuna baba yako.

Karatasi za safari zilituchukua mwezi mzima, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Watanzania wanaruhusiwa kuomba viza ya mtandaoni ya utalii, lakini ile ya siku 30 huwezi kuiomba mapema mno. Dirisha hufunguka siku 30 kabla ya kufika. Pasipoti lazima iwe na uhai wa miezi sita na kurasa mbili tupu. Pasipoti ya Mama ilikuwa inaisha Mei 2025. Ukihesabu kutoka tarehe 8 Januari, haifiki miezi sita. Tuliligundua hilo Oktoba, kwa bahati, akaomba mpya. Tungeligundua Desemba, angebaki Tanga. Jambo la pili ni majina: fomu inataka jina la ukoo na majina mengine yakae vilevile yalivyo kwenye pasipoti, na sisi wenye majina matatu huwa tunayapanga tunavyojisikia. Na kadi ya homa ya manjano waliibeba, ingawa binti aliona ni mzigo. India ni wakali mno kwa hilo, hasa kwa abiria wanaotoka au kupitia nchi kama Kenya na Uganda. Usipokuwa na cheti wanaweza kukuweka karantini. Na cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo sindano ya siku ya kuondoka haisaidii.

Tukaja kwenye mwezi. Watu wengi wanataka kuiona Rann usiku wa mbalamwezi, na msimu wa maonyesho kule Dhordo, Rann Utsav, huwavuta maelfu. Mwezi mpevu wa Januari ile uliangukia tarehe 13, na tarehe 14 ni Uttarayan, sikukuu ya tiara, ambapo Gujarat nzima hupanda juu ya mapaa. Usiku wa mwezi mpevu vyumba karibu na Rann bei hupaa na vingi hujaa miezi kabla. Niliwashauri wasigombanie usiku huo. Wawe Mandvi tarehe 13 na 14, pwani, na wafike Banni tarehe 15. Mwezi wa siku mbili baada ya kupevuka huchelewa kutoka kama saa moja na nusu baada ya magharibi. Unapata giza kwanza, nyota zote, halafu ndipo mwezi unachomoza. Binti aliniletea ujumbe wa sauti usiku ule kutoka kwenye kibanda cha udongo walicholala, zile bhunga za duara zenye vioo vidogo ukutani. Hakusema mengi. Nilimsikia mama yake nyuma akisoma adhkari.

Kuingia Rann nyeupe kunahitaji kibali, maana ni karibu na mpaka wa Pakistan. Ni karatasi rahisi yenye ada ndogo, lakini uwe na pasipoti yenyewe pamoja na nakala zake. Nakala kumi zinatosha safari nzima, walizitumia saba.

Bhuj ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mji huo uliangushwa na tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, asubuhi ya sikukuu ya Jamhuri, watoto wakiwa kwenye gwaride. Waliokufa Kutch na maeneo jirani wanakadiriwa kuwa kati ya 13,000 na 20,000. Juu ya kilima cha Bhujiyo kuna makumbusho ya tetemeko hilo, Smritivan, yaliyofunguliwa 2022. Kuna chumba kinachotikiswa ili mgeni ahisi ilivyokuwa. Mama alikataa kuingia, na nadhani alifanya vyema. Wakaona Aina Mahal, jumba la vioo la karne ya 18 lililobuniwa na Ram Singh Malam, fundi wa Kutch aliyejifunza kazi za vioo na vigae Ulaya. Neno hilo *malam* lilimshika Mzee. Kwa watu wa Kutch ni msoma njia wa chombo, anayejua nyota. Asili yake ni ileile ya Kiarabu iliyotupa sisi mwalimu.

Siku ya Ajrakhpur ilikuwa ya Mama. Ajrakhpur ni kijiji kilichozaliwa na tetemeko. Mafundi wa ajrakh, Waislamu wa ukoo wa Khatri, walikuwa Dhamadka. Baada ya 2001 maji ya kule yalibadilika, rangi zikawa hazikamati kama zamani, wengi wakahamia hapa karibu na Bhuj. Kazi yenyewe ni kuchapa kitambaa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, pande mbili, ili nyuma na mbele visipishane. Weusi unatokana na chuma chakavu kilicholowekwa na sukari guru hadi kichachuke. Bluu ni nili. Nyekundu inatoka kwenye mizizi. Kuna maganda ya komamanga ndani yake pia. Kitambaa kinafuliwa, kinachapwa, kinaanikwa, kinafuliwa tena, na inakwenda wiki kadhaa.

Mama amevaa kanga maisha yake yote. Alikipindua kitambaa cha kijana mmoja fundi, akatafuta pindo, akalipata. Akatafuta mji, akaupata. Akamwambia binti yake, "Huyu anajua kanga." Kuna ukweli ndani ya kauli hiyo. Jetpur, mji mwingine wa Gujarat, una viwanda vinavyopiga chapa kanga za soko letu. Alinunua kitambaa kimoja tu, ghali, na hakupunguziwa. Binti alitaka kulalamika. Mama akamzuia kwa sababu alikuwa ameiona mikono ya yule kijana.

Pesa: walibeba dola wakabadilisha Mumbai. Huko kila mtu analipa kwa simu, hata muuza chai, na mgeni asiye na akaunti ya benki ya India haipati njia hiyo kwa urahisi. Noti ndogondogo ziliwaokoa vijijini.

Sasa Mandvi.

Walifika jioni ya tarehe 12. Nyumba ya wageni waliyoiagiza kwa simu ikawakataa mlangoni. Mwenye nyumba hakuwa na ubaya. India kila anayelaza mgeni wa kigeni anatakiwa kupeleka taarifa zake serikalini kwa fomu maalumu, Fomu C, na nyumba nyingi ndogo hazijajisajili kwa hilo. Zinapokea Wahindi tu. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Nililijua jambo hilo tangu nikiwa mwanafunzi, na sikumwambia binti aulize. Mama alikaa kwenye gari saa moja na nusu goti likimuuma, dereva akizunguka, mpaka wakapata hoteli nyingine kwa bei karibu mara mbili. Mtu akiniuliza leo, swali la kwanza ninalompa kabla ya bei na kabla ya picha za vyumba ni hili: mnapokea wageni wa kigeni, na Fomu C mnajaza?

Asubuhi Mzee aliamka kabla ya wote. Mandvi ina mto Rukmavati, na kwenye kingo zake vyombo vya mti vinaundwa kwa macho ya watu wote, kazi ya miaka 400 na zaidi. Hakuna tiketi wala lango. Unatembea tu chini ya tumbo la chombo kirefu kuliko nyumba ya ghorofa. Siku hizi hawaundi kotia la tanga. Wanaunda vyombo vya injini vya kubeba shehena kwenda Ghuba na Afrika, na vimepungua. Lakini mkuku wa chini ya chombo ni mkuku, na mataruma ya ubavuni ni mataruma.

Binti alinitumia picha moja. Baba yake amechuchumaa mbele ya ubavu wa chombo, kidole kikiwa kati ya mbao mbili. Pembeni yake mzee mwingine, wa umri wake, ameshika patasi butu na uzi mnene wa pamba. Hawana lugha moja. Anaonyeshwa jinsi uzi unavyolazwa, unavyopigwa, unavyokunjwa kidogo kabla ya pigo la pili. Hicho ndicho baba yake alichokuwa akikisema. Wenyewe kule wana nangar, sisi tuna nanga. Wana nakhuda, sisi tuna nahodha. Maneno yaliyopanda chombo kimoja kutoka Uajemi na Uarabuni yakashuka bandari tofauti. Kwa maneno hayo machache na mikono, wale wazee walikaa mpaka adhuhuri.

Alirudi kesho yake, tarehe 14, mji mzima ukirusha tiara. Na siku hiyo tulikuwa tumepanga Lakhpat.

Lakhpat ilikuwa bandari tajiri mpaka tetemeko la 1819 lilipoinua ardhi na kuhamisha maji ya mto Indus, ikafa. Kuta zake za ngome, kilomita saba, zimebaki zikizunguka nyumba chache. Niliiweka kwa ajili ya binti, kwa sababu Tharia Topan alizaliwa huko, yule tajiri aliyeanzisha ujenzi wa jengo lenye roshani za mbao pale Mizingani, Unguja, ambalo watu hulijua kama Dispensari ya Zamani. Na Kutch hiyohiyo ndiko ilikotoka nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi ya karne ya 19. Muscat pia, anakofanya kazi binti, Wabhatia, jamii ya Wahindu wa Mandvi, wamekuwa wafanyabiashara wakubwa kwa vizazi. Alikuwa ameyasoma yote hayo. Lakhpat aliitaka kweli.

Lakini kutoka Mandvi ni mwendo wa siku nzima kwenda na kurudi, na baba yake alikuwa kando ya mto. Waliulizana asubuhi kwenye chai. Binti akasema, "Baba kaa. Lakhpat haihami."

Nimelipima sana hilo. Kosa la kupanga lilikuwa langu: Lakhpat ilipaswa kutoka Bhuj, katika zile siku tatu za mwanzo, si kubandikwa kwenye siku ambayo nilijua kabisa Mzee angeshindwa kubanduka. Nafasi ya kuiweka ilikuwepo, tarehe 11. Niliigawa kwa majumba mawili na makumbusho, wakati majumba yangetosha asubuhi moja.

Tarehe 16 baba na binti walikwenda Dholavira wakitokea Banni, kwa barabara inayokata chumvi kushoto na kulia kama daraja lisilo na mto. Mama alipumzika. Dholavira ni mji wa watu wa bonde la Indus, wa karibu miaka 5,000 iliyopita, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021, na kinachoshangaza hapo ni mabwawa: watu waliokaa katikati ya ukame walichonga mwamba na kuzuia vijito viwili ili wasikose tone. Binti aliona kuwa hiyo imemlipa sehemu ya Lakhpat. Sehemu tu, alisema.

Jambo moja nililikataa tangu mwanzo. Binti alikuwa amesikia kuhusu Masidi, watu wa asili ya Afrika wanaoishi Gujarat kwa karne nyingi, wenye ngoma wanayoiita goma, na alitaka dereva awapeleke "wakawaone". Nilimwambia watu hawawekwi kwenye ratiba kati ya jumba na chakula cha mchana. Mkikutana, mtasalimiana. Na walikutana, Bhuj, msikitini baada ya Ijumaa: bwana mmoja alimtazama Mzee, Mzee akamtazama, wakapeana mikono, yule bwana akamuuliza dereva wao wageni hawa wametoka wapi. Alipotajiwa Afrika aliweka mkono kifuani. Akawaalika chai, wakanywa.

Chakula hakikuwatesa, ingawa Mzee alikumbuka samaki. Hoteli nyingi ni za mboga. Nyama iko kwenye mitaa ya Waislamu Bhuj, ukiuliza. Dabeli, mkate uliojazwa viazi vya viungo na karanga, asili yake Mandvi, na Mama sasa anaupika hapa kwa mkate wa boflo.

Mzee amerudi na kipande cha uzi wa pamba uliolowa mafuta, urefu wa shibiri. Ameupeleka kwa mafundi wawili wa majahazi Pangani. Mmoja anasema pigo lile la kukunja ndilo walilokuwa wakifanya wazee, likaachwa, mwingine anakataa. Binti ameshaomba likizo ya Desemba. Safari hii nimemwandikia ukurasa mmoja: Bhuj kulala nne, gari la Lakhpat liondoke kabla jua halijachomoza, maji ya kutosha garini, na hoteli ya Mandvi ileile iliyowapokea.